Gasketi mara mbili, nikaambiwa injini imekufa, kumbe ni nyuzi za bolti: daftari langu la gharama (Mbeya)

MchuuziWaMchele

Habari zenu wakuu. Kamwene kwa ndugu wa Iringa na Njombe, mugonile kwa wa huku kwetu.

Uzi ni mrefu, wekeni chai jikoni. Nauandika kwa sababu mwezi Machi nilipokwama nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyepitia kuchemsha gari mpaka injini ikakataa, nikaambulia majibu ya aina mbili tu: "badili injini" na "pole". Pole nilikuwa nayo tayari.

Gari lenyewe silitaji. Nikilitaja mtasahau injini mtaanza vita ya Noah na Subaru. Itoshe kuwa ni la petroli, cc 2000, bloku (mwili wa injini) na hedi (kichwa chake cha juu) vyote aluminiamu, siti za nyuma nimezing'oa kwa sababu nachukua mchele Kyela nauza Mbeya mjini. Hilo gari ndilo duka langu. Likilala siku tatu, na mimi nimelala.

Nianze na dhambi yangu kabla hamjaniuliza. Tangu Desemba maji yalikuwa yanapungua. Si mengi, kikombe kwa wiki. Kila Jumamosi nafungua boneti, naongeza maji ya bomba, nafunga, naenda zangu. Chini ya gari pakavu. Nikajiambia gari la zamani nalo lina kiu yake. Sasa najua: maji yakipungua na chini hapana tone, yanakwenda ndani, na ndani si mahali pake.

Siku yenyewe nilitoka Kyela na gunia nne, mimi, kijana wangu wa dukani, na mama mmoja niliyempa lifti Tukuyu akiwa na mikungu miwili ya ndizi. Mvua inanyesha. Waliowahi kupita njia ile wanajua: Kyela iko chini kabisa, mita mia tano hivi kutoka usawa wa bahari, halafu unapanda Tukuyu, unapita Kiwira, unapanda tena hadi kwenye ukungu wa Isongole ndipo ushuke Uyole. Ni mlima mmoja mrefu uliovaa majina mengi.

Tulipopita Kiwira vioo vikashika ukungu, nikawasha hita. Hita ikatoa hewa baridi. Nikasema hita nayo imeharibika, nikafuta kioo kwa kanga. Mshale wa joto uko katikati kabisa, hauna habari. Dakika chache baadaye gari likawa zito kama linavuta jingine, mshale ukaruka kutoka katikati hadi juu kwa mara moja, na moshi ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

Nikasimama. Nikashika kitambaa nikafungue rejeta. Yule mama wa ndizi akanivuta mkono: "Mwanangu, usifungue hiyo." Hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini alijua. Nilichokosea mimi ni kilichofuata. Nilisubiri robo saa tu, nikamimina maji ya baridi ya mtoni, nikawasha, nikaendelea kama kilomita nne hadi likazima lenyewe. Mafundi wote niliokutana nao baadaye waliniambia kitu kimoja: zile kilomita nne ndizo zilizokula pesa. Lori la viazi likanivuta kwa kamba hadi Uyole, 60,000.

Gereji ya kwanza. Fundi akafungua kifuniko cha oili, ndani ya kifuniko kuna kitu kama chai ya maziwa iliyopoa. "Gasketi ya hedi imekufa, mama." Yaani kile kizibo cha kati ya hedi na bloku. Sawa. Hedi ikang'olewa, ikapelekwa kuchongwa, ikarudishwa. Nililipa: gasketi 85,000, kuchonga 80,000, oili 70,000, ufundi 200,000. Jumla 435,000. Kila nilipouliza swali nikaambiwa "mwambie baba aje tumweleweshe". Baba yupi? Kadi ina jina langu.

Lilikaa wiki tatu. Asubuhi moja nikaona mpira mkubwa wa rejeta umekuwa mgumu kama mguu wa meza kabla hata gari halijapata moto, na kwenye chupa ya akiba mapovu yanapanda kama soda.

Gereji hiyo hiyo, mara ya pili. Sasa kosa ni rejeta, imeziba. Rejeta ya mtumba 180,000, gasketi nyingine 85,000, oili tena 70,000, ufundi "nimekupunguzia" 150,000. Jumla 485,000. Themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka yapate moto, ikatupwa, nikaambiwa huku kwetu kwenye baridi haina kazi. Siku kumi na moja. Mapovu yamerudi.

Ndipo nikaambiwa ile sentensi: "Injini imekufa, tafuta nyingine." Injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam na usafiri 3,200,000, kushusha na kupandisha 400,000. Jirani yangu dalali naye akaja na lake: "Uza lilivyo, nakupa 3,000,000 leo." Gari ambalo zima lingefika 11,000,000.

Nikakaa na daftari usiku. Nimeshatoa 920,000 bila kamba ya lori. Moyo unasema umeshatumia nyingi, malizia. Akili inasema hizo zimeshakwenda, zihesabu kama za mtu mwingine. Angalia unachokwenda kulipa kuanzia kesho na utapata nini. Kilichoniudhi zaidi ni kuwa tangu mwanzo watu wamefungua na kufunga, hakuna aliyepima kitu chochote mbele yangu.

Naendelea chini, mtoto analia.

Mnyalu_Ipogolo

Kamwene dada. Nimeweka kiti. Hiyo ya hita kutoa baridi huku mshale umetulia, wekeni alama hapo wote. Maji yameisha, hita haina cha kupasha, na ile sensa ya joto inaning'inia kwenye hewa badala ya maji kwa hiyo inadanganya.

Dalali_Kabwe

Dada milioni 3 ungechukua. Moyo wa gari ukishaguswa hauwi kama zamani.

MchuuziWaMchele

Mwendelezo.

Mteja wangu mmoja wa mchele akaniambia kuna fundi mtu mzima huku Mafiati, hana hata kibao, lakini ana vipimo. Nikaenda bila gari, kwa miguu, nikamweleza. Hakusema lete gari nifungue. Aliuliza maswali: lilichemka wapi, uliendelea kuliendesha umbali gani, mapovu yanaanza likiwa la baridi au la moto, hedi iliporudishwa bolti zilikuwa mpya? Swali la mwisho sikujua hata kwa nini linaulizwa.

Gari likavutwa kwake. Kwanza akatoa kichupa cha dawa ya rangi ya bluu, akakiweka juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Ile bluu ikafifia, ikawa njano kabla sijamaliza kuhesabu ishirini. "Moshi wa silinda unaingia kwenye maji." Kisha akang'oa plagi zote, akapima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) silinda moja moja, akaandika kwa chaki kwenye boneti: 140, 145, 105, 142. Ya tatu inavuja. Zingine nzima. Akaniambia injini haijafa, ina jeraha mahali pamoja.

Hedi ikang'olewa mara ya tatu. Akaweka rula ya chuma nzito juu yake, akapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) pande zote: iko sawa, kazi ya kuchonga ilikuwa nzuri, niwape haki yao. Halafu akaniita. Alikuwa amerudisha bolti moja ya safu ya nyuma, ile inayotazama dashibodi, kwenye tundu lake tupu, na bushi juu kushika nafasi ya hedi. Akanipa spana ndefu. "Mama, kaza mwenyewe."

Nikakaza. Ikashika kidogo, nikasikia uzito, halafu ikaachia. Inazunguka, inazunguka, kama mwiko kwenye uji mwepesi. Akaichomoa: kwenye meno ya bolti kumesukwa waya mwembamba unaong'aa, kama zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Ule waya ndio nyuzi za bloku yangu. Aluminiamu imeng'oka pamoja na bolti.

Tukajaribu zote kumi. Tatu zimekufa, zote za nyuma, mbili kati yake zinazunguka silinda ya tatu. Kwa hiyo ungeweka gasketi ya dhahabu, hakuna kinachoibana pale. Bolti inaonekana imekazwa kwa macho lakini haishiki. Na yule fundi wa kwanza lazima aliisikia mkononi ikiachia. Haiwezekani asisikie, mimi muuza mchele nimesikia.

Mnyalu_Ipogolo

Duh. Hapo kwenye "kaza mwenyewe" nimesimama.

FundiMzee_Mafiati

Kijana wangu amenisomea huu uzi, naona nimesemwa vizuri. Niongeze mambo ya kiufundi kwa wanaotaka.

Aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Bolti ni chuma, bloku ni aluminiamu. Gari likichemka, bloku na hedi vinataka kukua, bolti inakataa, mzigo wote unaangukia nyuzi chache za aluminiamu laini. Kwenye baadhi ya injini tundu lenyewe lilichongwa nyuzi fupi, na nyuma ndiko kwenye joto na upepo haufiki. Mara moja ya kuchemka sana inatosha.

La pili, na hili ndilo linauza injini nzima za watu huku nyanda za juu. Fundi anasoma kwenye kitabu kompresheni 175, anapima Mbeya anapata 140, anamwambia mwenye gari ringi za pistoni zimekwisha, badili injini. Kitabu kimeandikwa kwa pwani! Mbeya tupo kwenye mita 1,700. Hewa hapa ni nyepesi, kama asilimia 82 ya ile ya Dar. Injini inayosoma 175 pale Kariakoo ukiileta hapa itasoma 145 hivi ikiwa nzima kabisa. Usishindane na namba ya kitabu, linganisha silinda kwa silinda. Zikifuatana, ni nzima. Moja ikianguka peke yake, hapo ndipo utafute.

Na ukipata moja iliyo chini, mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Ikibaki pale pale, ni valvu au gasketi.

DerevaMstaafu

Shikamoo fundi kama umri unaruhusu, maana mimi mwenyewe nina 67. Nimeendesha barabara ya Tanzam tangu enzi za lami mpya. Kitonga tumepanda na Landi Rova bila themostati miaka yote. Hiki kidude ni cha Ulaya kwenye theluji. Kwa nini mnakitetea?

FundiMzee_Mafiati

Marahaba, japo tunakimbizana. Landi Rova ya wakati ule ilikuwa na kabureta, haikuwa inauliza joto la maji. Injini za sasa zina kompyuta. Ukitoa themostati, asubuhi ya Julai hapa Mbeya maji hayafiki joto la kazi, kompyuta inadhani injini bado ya baridi, inazidisha petroli. Unakunywa mafuta, oili inachafuka, ringi zinaliwa. Na kuna aina za injini ambazo themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, kwenye mlima ndiyo kwanza unachemsha. Ikiharibika, nunua nyingine. Haiwi ghali kuliko hedi.

DerevaMstaafu

Nimekuelewa nusu. Nusu nyingine nitakuja gereji tubishane.

MakambakoNjiaPanda

Dada mchuuzi, mimi nilikwenda njia ya injini ya mtumba, niwape na upande huo ili watu wasidhani ni ushetani. Yangu ilitupa konrodi (mkono wa pistoni), ikatoboa bloku, tundu unapitisha ngumi. Hapo hakuna cha nyuzi wala gasketi, injini kama hiyo ni ya skrepa. Nikashuka Dar mwenyewe, sikuagiza kwa simu.

Nilichojifunza: usinunue injini iliyokwishaoshwa iking'aa. Chafu inakuonyesha inapovuja. Fungua kifuniko cha oili uingize kidole, ukikuta tope jeusi zito, ondoka. Ng'oa plagi, ingiza ile kamera nyembamba ya kuchomeka kwenye simu, uangalie kuta za silinda. Mikwaruzo ya wima unaiona kabisa. Angalia matundu ya maji, yakiwa na kutu nyekundu ujue mwenye gari kule Japani, au yeyote aliyefuata, alikuwa anatia maji matupu. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa mkono, izunguke bila kukwama. Na mkubaliane kwa maandishi bei inahusu nini: injini tupu, au na alternata, stata, nyaya na gia boksi? Mimi niliambiwa "kamili", ikafika Makambako bila alternata. Dhamana yangu ilikuwa wiki mbili za "iwake". Iliwaka. Hadi leo ina mwaka na nusu, sina lawama.

Mama_Vwawa

Swali: ukibadili injini, kadi inakuwaje?

MakambakoNjiaPanda

Kadi imeandikwa namba ya injini dada. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, na risiti ya injini wabadili taarifa, gari likaguliwe na polisi. Tunza risiti kama cheti cha ndoa. Wengi wanaacha, siku ya kuuza gari au ya bima ndiyo wanakumbuka namba haifanani.

MchuuziWaMchele

Asante @MakambakoNjiaPanda, kama bloku ingetoboka ningefuata njia yako. Nieleze kwa nini mimi nilikataa, maana wengi wameniuliza inboksi.

Injini ya mtumba ya aina ile ile ina nyuzi zile zile fupi. Nalipa 3,600,000 nipate injini ambayo sijui imepitia wapi, na ugonjwa uliouua yangu upo ndani yake unasubiri mlima. Ya kwangu nilikuwa naijua: silinda tatu nzima, krenki haina kelele, haikuwahi kuwaka taa ya oili. Kama ingekuwa imenoki, beringi zinalia, ningesema basi.

Dawa za kuziba za kumimina kwenye rejeta? Niliuziwa kichupa 35,000 kabla sijamfikia fundi mzee, nusura zizibe mirija ya hita na mapovu yakaendelea. Mwingine alinishauri yai. Yai, wakuu. Nilikula mwenyewe.

Kilichofanyika: kila tundu la bolti linatobolewa kuwa kubwa kidogo, linachongwa nyuzi mpya, kisha inaingizwa bushi ya chuma yenye nyuzi nje na ndani, na gundi yake. Bolti sasa inauma chuma. Fundi mzee hana mashine ya kutoboa wima, na hilo si la kufanya kwa drili ya mkononi na jicho moja limefumbwa. Tundu likienda upande, bloku ndiyo kwaheri. Bloku ikapelekwa karakana ya kuchonga vyuma huku Sido. Nilitaka zitengenezwe tatu tu kuokoa pesa. Akaniambia zile saba zimebeba mzigo wa wenzake kwa wiki tano, ukiziacha utarudi. Zikatengenezwa zote kumi.

Daftari la mara ya tatu:

Kupima, 50,000. Bushi kumi kwa 35,000, ni 350,000. Gasketi ya chuma ya tabaka tabaka, 160,000. Bolti mpya kumi, 150,000. Themostati 45,000, kifuniko cha rejeta 25,000. Kulanti galoni mbili 70,000. Oili na filta 90,000. Ufundi 350,000. Jumla 1,290,000.

Ukijumlisha gereji zote na kamba ya lori: 2,270,000. Ningepima kwanza ningetumia chini ya robo tatu ya hizo. Elfu 50 ya kupima niliiona kubwa nilipoambiwa, nusura nikatae.

Mama_Vwawa

Bolti mpya kwa nini? Si chuma tu.

FundiMzee_Mafiati

Bolti za hedi za injini nyingi za sasa zinakazwa mpaka zinavutika kidogo kama mpira, ndiyo nguvu yake ya kubana. Unakaza kwa kipimo, halafu unaongeza nyuzi 90 za mzunguko, yaani robo duara. Ikishavutika mara mbili tatu inakuwa ndefu, inachoka. Kuna urefu wa mwisho unaoruhusiwa, pima na kalipa. Ya huyu mama zilikuwa zimekazwa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo, nadhani, kwa nguvu za kifua.

TichaMakete

Nami niongeze la huku kwenye baridi. Juni na Julai huku Makete, upande wa Kitulo, asubuhi nyasi ni nyeupe na maji kwenye ndoo yana ganda la barafu. Mwalimu mwenzangu alitia maji ya bomba kwenye gari kama dada alivyofanya. Maji yakiganda yanatanuka. Aliwasha asubuhi, pampu ya maji imekwama, mkanda ukalia mpaka ukakatika. Bahati yake bloku haikupasuka. Kulanti si ya rangi tu jamani, inazuia kuganda, inazuia kutu, na inachelewesha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji safi kama ni ile nzito, ile iliyochanganywa tayari usiongeze kitu.

FundiMzee_Mafiati

Hilo la kuchelewa kuchemka ndilo linaniingiza kwenye kifuniko cha rejeta. Sufuria la maji hapa Mbeya linachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100. Kule juu Isongole pungufu zaidi. Feni ya gari nyingi za petroli inaanza kati ya 93 na 98. Sasa fikiria kifuniko chako cha rejeta springi imelegea: maji yanachemka kabla feni haijaamka! Kifuniko kizima kinashikilia presha, kinasogeza mchemko kupita 115. Kitu cha elfu 25. Mpira wake ukiwa na ufa, tupa.

Dalali_Kabwe

Kwa hiyo dada sasa hivi ukiuza unasemaje kwa mnunuzi? Injini imeguswa.

MchuuziWaMchele

Nitamwonyesha daftari na risiti. Asipotaka aache. Siuzi lakini, kaka, pumzika.

Mnyalu_Ipogolo

Je, mshale ule unaodanganya umeufanyaje?

MchuuziWaMchele

Swali zuri. Mshale wa magari mengi umetengenezwa utulie katikati ili usimtishe dereva. Joto likipanda nyuzi ishirini nzima wenyewe upo pale pale, ukianza kuondoka umeshachelewa. Nimenunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, elfu 30, kinaongea na simu, naona namba yenyewe. Kwenye tambarare ya kuja Mbalizi inacheza 86 hadi 90. Nikipanda na mzigo, 97, feni inaingia, inashuka. Nimeweka simu ipige kelele ikifika 104.

Na chupa ya akiba nimeichora mstari kwa rangi ya kucha nyekundu, usawa wa maji injini ikiwa ya baridi. Ile alama ya kiwandani ilishafutika na vumbi.

TichaMakete

Rangi ya kucha! Nachukua hiyo.

MakambakoNjiaPanda

Leta mrejesho baada ya kilomita elfu dada. Watu wengi wanafungua uzi wakishatengeneza wanapotea.

MchuuziWaMchele

Mrejesho, wiki ya tisa. Kilomita 3,400, safari saba za Kyela. Fundi alinizuia kubeba zaidi ya gunia mbili kwa kilomita 1,000 za mwanzo, nikatii, ingawa hasara ya nauli niliiona. Oili nilimwaga kwenye kilomita 500 kuondoa mabaki ya maji, ilitoka nyeusi safi, haina maziwa. Mpira wa rejeta asubuhi ni laini, unabonyea.

Jana nimepanda na gunia nne, mvua ile ile, ukungu ule ule. Hita nimeiwasha kuanzia Kiwira makusudi, imetoa moto mpaka kijana akafungua kioo. Pale nilipozimikia nimesimama. Sikuwa na shida, nilitaka tu kuona. Nimesubiri hadi Uyole, gari likapoa usiku, leo saa kumi na mbili asubuhi nimefungua boneti na tochi.

Maji yako kwenye mstari mwekundu.

Yule mama wa ndizi nimempitia Tukuyu, nikamwachia kilo tano za mchele. Ameuliza kama nimejifunza kusubiri.

DerevaMstaafu

Ndaga fijo binti. Mchele wa Kyela kilo bei gani huko Soweto?